Barua kwa Idrisa kuhusu Ngoma za Karibea

Morogoro,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi sana. Barua yako imenikuta mzima wa afya, na hapa nyumbani wote hawajambo. Umenieleza kwamba mtaa uliohamia huko Birmingham umejaa watu wa Jamaika na wa Trinidad, kwamba ifikapo Jumamosi spika zao hulia mpaka vioo vya dirisha lako vikatetemeka, kisha ukamalizia kwa kusema kuwa zote hizo ni rege, zinatofautiana kasi tu. Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa wewe ni mtu wa muziki tangu utoto, na sitaki ukae jirani na hazina kama hiyo bila kuijua.

Sisi tumelelewa na lugha ambamo neno moja, ngoma, ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji wenyewe, ni shughuli ya watu waliokusanyika, na siku hizi vijana wanauita hivyo hata wimbo uliotoka jana redioni. Lishike neno hilo, maana habari ya muziki wa Karibea, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni habari ya ngoma iliyokatazwa ikatafuta mwili mwingine wa kukaa, na kila ilipohama ulizaliwa mtindo mpya.

Anzia Trinidad. Watumwa walipopata uhuru wao katika miaka ya 1830, waliichukua kanivali ya mabwana wa Kifaransa wakaifanya yao, wakaitia maandamano ya usiku ya mienge, fimbo na ngoma yaliyoitwa Canboulay. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuyazima kwa nguvu mjini Port of Spain, wananchi wakapambana nao barabarani, na mwaka 1884 serikali ya kikoloni ya Waingereza ikatunga sheria ya kubana upigaji wa ngoma. Basi watu wakaenda kukata mianzi. Mwanzi mnene ukigongwa chini wima hutoa sauti nzito, na mwembamba ukiegemezwa begani na kupigwa kwa kijiti hutoa mlio mkali. Ukiwa na vipande vya kutosha vya urefu mbalimbali umeipata ngoma yako kamili bila hata kipande cha ngozi. Lakini mwanzi hupasuka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya kimaskini walikuwa wameanza kugonga makopo ya biskuti, ndoo za rangi na mifuniko ya mapipa ya taka, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakahamia kwenye mapipa ya mafuta, ambayo kisiwa hicho chenye visima vya petroli hakikuwa na uhaba nayo.

Hapa nakuomba usipite haraka, kwa sababu jambo lenyewe nimelijaribu kwa mikono yangu. Mwaka juzi nilimwendea fundi bati mmoja wa hapa mtaani na pipa kuukuu, tukakata kipande cha juu, tukalipindua, tukaanza kulididimiza tako lake kwa nyundo taratibu mpaka likawa kama bakuli. Kisha unachora maeneo ya sauti, makubwa pembezoni kwa sauti za chini, madogo katikati kwa sauti za juu, na kila eneo unalifinyanga kwa nyundo ndogo kutoka chini na kutoka juu. Tulishinda mchana kutwa tukapata sauti mbili safi. Ya tatu ilikuwa inakuja, lakini kila tukiirekebisha, jirani yake inapotea, kwa sababu bati ni moja na kila pigo linavuta upande mwingine. Jua lilipozama tuliliacha, nami nikabaki na heshima ambayo sijawahi kuiondoa kwa watu kama Winston "Spree" Simon na Ellie Mannette, waliolifanya pipa liimbe sauti za piano bila mwalimu wala kitabu. Mwaka 1951 kundi teule la vijana hao lilipiga mapipa yake jijini London, na mwaka 1992 pipa likatangazwa kuwa ala ya taifa la Trinidad na Tobago. Kitu kilichozaliwa kwa marufuku!

Kalipso, wimbo wa kisiwa hicho, wewe mtu wa pwani utauelewa mara moja, kwa sababu ni mafumbo na mipasho. Waimbaji hupanda jukwaani kwa majina ya kujikweza, wakasemana, wakaisema serikali, wakatangaza habari za mji, na msikilizaji ndiye anayejua jiwe limerushwa gizani kumpata nani. Mighty Sparrow alilitwaa taji la kanivali mwaka 1956 kwa wimbo uliowahusu wanawake waliokuwa wakiwategemea askari wa Kimarekani, sasa askari wanaondoka na mambo yamebadilika. Baadaye, katika miaka ya 1970, Lord Shorty aliona rege ya Jamaika inaimeza kalipso, naye hakujibu kwa kulalamika. Alikuwa amekulia jirani na Wahindi, wajukuu wa vibarua waliofikishwa kisiwani kuanzia mwaka 1845, akazichukua ngoma zao pamoja na chuma chao cha kugonga akavichanganya na kalipso ili mdundo uwe mzito na wa kuchezeka zaidi. Hiyo ndiyo soca, na ndiyo ile yenye mwendo wa mbio unayoisikia kwa jirani zako. Tafadhali usiiite rege mbele yao.

Sasa Jamaika. Kabla ya yote palikuwa na mento ya vijijini, yenye banjo na gitaa, na chini yake sanduku kubwa lenye ndimi za chuma ambalo mpigaji hulikalia akazidonoa kwa vidole. Ukiliona utasema ni ilimba ya Wagogo iliyokuzwa, na hutakuwa umekosea, kwani asili yake ni Afrika. Halafu mjini Kingston wakatokea wenye saundi sistimu, yaani spika kubwa kama makabati zilizopakiwa kwenye lori na kufungwa uwanjani, na santuri za watu weusi wa Marekani. Watu wasiokuwa na uwezo wa kuajiri bendi walicheza hapo usiku kucha. Santuri za aina hiyo zilipoanza kuadimika, wenye spika hizo, akina Coxsone Dodd na Duke Reid, wakaanza kurekodi wanamuziki wa nyumbani, na ndipo ikazaliwa ska, ya haraka, yenye tarumbeta nyingi na gitaa linalokata katikati ya mapigo, ikasherehekea pamoja na taifa uhuru wa tarehe 6 Agosti 1962.

Kuanzia hapo, Idrisa, sikiliza besi. Katika ska besi hutembea mfululizo kama mtu mwenye safari. Mwaka 1966 mwendo ukapunguzwa ukawa rocksteady, tarumbeta zikapungua, na besi ikapata nafasi ya kusema neno, kunyamaza, kisha kusema tena. Mwaka 1968 rege ikaja na jina lake, na mpiga dramu akaliacha pigo la kwanza tupu, akauangusha uzito wote kwenye la tatu. Hilo pengo la mwanzo ndilo linalomfanya mtu ainamishe magoti bila kuambiwa. Ukilikosa sikioni, basi unachosikia si rege ya miaka ile, hata kama mwimbaji ana nywele ndefu.

Kisha akaja fundi wa redio na vikuza sauti, King Tubby, ambaye katika mtaa wa Waterhouse aliigeuza meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala ya muziki. Aliutoa uimbaji, akaiacha besi na dramu, akalirudisha neno moja kwa mwangwi na kulizamisha tena. Juu ya nafasi hiyo tupu wakaghani akina U-Roy kwa kipaza sauti. Na kijana wa Kingston aliyehamia New York, Kool Herc, akaipeleka desturi ya spika kubwa katika mtaa wa Bronx, ambako mwaka 1973 alianza kupiga santuri kwa namna iliyozaa hip hop. Vijana wetu wanaoghani leo hapa Morogoro wana babu yao katika uwanja wa Kingston.

Mwaka 1985 mambo yakageuka tena, na safari hii kwa kinanda kidogo cha Casio, cha betri, ambacho mtoto angeweza kukibeba kwapani. Ndani yake mlikuwa na mdundo uliokwisha kutiwa na kiwanda. Mwimbaji Wayne Smith na wenzake waliupunguza kasi, mtayarishaji King Jammy akaurekodi, na bila gitaa la besi wala dramu hata moja dancehall, muziki wa kuchezea uliotokana na rege, ikapata umbo jipya. Wako wanaosema hapo ndipo muziki ulipokufa. Mimi nakataa. Waliokata mianzi nao hawakuwa na ngoma ya ngozi, walikuwa na kilichokuwepo.

Zouk, muziki wa visiwa vya Karibea vilivyo chini ya Ufaransa, nitaipitia haraka, si kwa dharau, bali kwa kuwa unaijua bila kujua. Wanabendi wa Kassav' walianza mwaka 1979, wakaichukua midundo ya Guadeloupe na Martinique wakaimba kwa Krioli yao badala ya Kifaransa, na ule mwendo wao wa kubembeleza umo ndani ya nyimbo nyingi za mapenzi za bongo fleva ulizochezea harusini kwako.

Lakini Kuba siwezi kuipita, kwa sababu ilifika hapa hapa ninapoandikia. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba zilianza kuuzwa barani Afrika, zikafika Kongo, watu wakasikia vile vijiti viwili vinavyogonga mara tano wakatambua kitu chao kilichotoka kwao zamani. Na Morogoro, Salum Abdallah hakusita kuiita bendi yake Cuban Marimba. Marehemu baba alikuwa na santuri yao moja. Sindano inapogusa hutangulia mchakacho, kama mahindi yanayokaangwa, halafu gitaa linaingia, halafu vijiti, na Kiswahili chetu kinakaa juu yake bila kuteleza.

Basi Jumamosi ijayo usifunge dirisha. Sikiliza kama pigo la kwanza lipo au halipo, kama besi inatembea au inanyamaza, kama lile pipa linaimba mahali fulani nyuma. Kisha shuka umuulize jirani jina la wimbo mmoja tu uliokushika, uniandikie, nami nitautafuta.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
Musa