Sehemu zianzie kwenye pishi na minazi, kanuni zije baadae

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hesabu za skuli za msingi, khasa hizi za sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika, kwa sababu kila yakitoka matokeo ya darasa la sita maneno yanakuwa yaleyale, huyu anasema walimu wavivu, huyu anasema wazee hawafatilii, mwengine anasema ni simu, na mimi niliesomesha darasa la nne na la tano hapa Pemba mpaka nikastaafu naona watu hawapagusi pale mtoto anapopotelea.

Mtoto anapotelea kwenye sehemu. Mpaka darasa la tatu wengi wanakwenda vizuri tu, wanajumlisha, wanatoa, wanakopa na kubeba, tebo wanazo. Zikija sehemu, mtoto yuleyule alokuwa anainua mkono mpaka anasimama kitini anaanza kujificha nyuma ya mwenzake. Mwambie ajumlishe 1/2 na 1/4, atakupa 2/6, kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Muulize ipi kubwa, 1/4 au 1/8, atakwambia 1/8 maana nane inaizidi nne. Na si kwamba hana akili jamani, anafanya kilekile tulichomfundisha miaka mitatu kwa namba nzima na alikuwa anapata vyema kila siku. Hakuna alomuonesha kwamba ile namba ya chini inaeleza kitu kizima kimegaiwa mafungu mangapi yalo sawa, na mafungu yakizidi wingi basi kila fungu linakuwa dogo. Sisi tunachompa ni kanuni: tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kuliko zote inayogaika kwa asili zote), gawa kwa asili, ile namba ya chini, zidisha kwa kiasi, ile ya juu, andika jibu. Anakariri, siku ya jaribio anaandika, wiki ya pili ukimuuliza hana kitu.

Mtoto huyo mtume dukani na elfu kumi akanunue vitu vinne, chenji ikipungua mia mbili atajua na ataidai. Pitia dikoni asubuhi uone watoto wanavyopiga hesabu za mafungu ya samaki bila karatasi. Hili si letu peke yetu. Mwaka 1985 watafiti watatu huko Brazil walitoa utafiti wao wa mji wa Recife, waliwafata watoto watano wa miaka 9 mpaka 15 waliokuwa wakiuza vitu sokoni na barabarani, wakajifanya wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi moja ni 35 kwa pesa za kwao, jee nazi kumi? Akahesabu kwamba tatu ni 105, tatu nyengine ni 210, tatu tena 315, na moja iliobaki inakuwa 350. Kule sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya maswali, halafu baadae wakapewa hesabu za aina hiyohiyo kwa namba tupu kwenye karatasi wakapata asilimia 37. Watoto watano ni wachache, sawa, lakini mwalimu yeyote wa Wete au Konde au Mkoani akiusikia utafiti huu atakuwa na sura za watoto wake mbele ya macho. Kosa la yule mtoto ni lipi? Skuli ingemwambia kuzidisha kwa kumi unaongeza sifuri tu, na ndio sahihi, lakini njia yake ilikuwa na maana kichwani kwake, alijua kila hatua anahesabu nazi.

Sasa nije kwenye ninachokitaka. Sisi tuna pishi, kipimo chetu cha kupimia nafaka na karafuu. Pishi moja ni vibaba vinne, na msimu wa karafuu wachumaji wanalipwa kwa pishi na watoto wanayaona haya kwa macho yao na wengine wanachuma wenyewe. Basi kibaba ni robo ya pishi, nusu kibaba ni 1/8 ya pishi. Muulize mtoto wa shamba kibaba na nusu kibaba kipi kingi, atakushangaa. Kwisha, 1/4 ni kubwa kuliko 1/8 na hataisahau. Muulize nusu pishi na kibaba kimoja vinakuwa vibaba vingapi, atakwambia vitatu, nawe ndo unaandika ubaoni 1/2 + 1/4 = 3/4, unamuonesha kwamba nusu umeigeuza kuwa robo mbili ili vitu viwe vya aina moja ndipo ukajumlisha, na hiyo KDS inayomtesa kazi yake ni hiyo tu. Endelea, tuseme pishi analipwa shilingi 2,000 na kachuma pishi mbili na vibaba vitatu, anapata ngapi? Wengi watakwenda kwa kibaba 500 na watafika 5,500 kabla hujamaliza kuandika swali. Hapo umeshaingia kwenye kuzidisha sehemu na darasa halijui kama limeingia kwenye mada ngumu.

Na vifaa si pesa. Kopo moja la maziwa ya unga, vikombe vidogo vinne vinavyolijaza kopo sawasawa, na mchanga wa pwani. Nimesomesha darasa lililojaa mpaka watoto wanakaa chini, mkondo wa mchana, jua linachoma bati, na makopo yalifanya kazi. Najua ugumu wake, watoto wengi kwa kopo moja wanagombana, lakini ukiwaweka makundi na kila kundi kopo lake kipindi kinakwenda.

Angalizo kwa walimu vijana, msibakie kwenye chapati na boflo. Nawaona wengi wanachora duara wanalikata vipande vinne, wanapaka rangi kimoja, wanahamia kanuni. Mtoto anabaki anafikiri sehemu ni umbo la kipande, ukimwambia robo ya watoto 24 wa darasa hili anakutazama tu. Anahitaji aione sehemu kwa kitu kinachokatwa, aione kwa kipimo kama pishi, aione kwa vitu vingi vinavyogaiwa, na aione kwenye rula au futi ya fundi kwamba nusu nayo ni namba ina pahala pake baina ya sifuri na moja. Hiyo ya rula ndo inayosahaulika kuliko zote na ndo inayomuokoa mtoto akifika kwenye desimali.

Kwenye kugawa vitu vingi ndo tuna utajiri ambao sijui kwa nini hatuutumii, nao ni mirathi. Hawa watoto asubuhi skuli mchana chuoni kusoma Kurani, au kinyume chake, wanasikia thumni (1/8), sudusi (1/6), thuluthi (1/3). Surat An-Nisaa aya ya 11 na ya 12 zimejaa sehemu. Chukua mfano mdogo, mtu kafariki kaacha mke, mama yake na watoto wa kiume, hana deni wala wasia, na mali yake ni minazi 24. Mke ana 1/8 kwa vile kuna watoto, minazi 3. Mama ana 1/6, minazi 4. Jumla 7, watoto wanagawana 17 iliobaki. Halafu waulize watoto kwa nini nilichagua 24, nisichague 20? Wataanza kutafuta wenyewe, 20 haigaiki kwa nane, 16 haigaiki kwa sita, mpaka wagundue kwamba 24 ndio ndogo kuliko zote inayokubali nane na sita. Hiyo ndio KDS, wameipata wenyewe, na 1/8 + 1/6 = 7/24 inakuwa na minazi ndani yake. Kwetu minazi na mikarafuu inahesabiwa mti kwa mti kwenye urithi kwa hiyo si mfano wa kubuni. Al-Khwarizmi, yule wa Baghdad karne ya 9 ambae aljebra tunaihusisha na yeye, sehemu kubwa ya kitabu chake ni maswali ya mirathi na wasia. Na kwa desimali kuna zaka ya fitri, kila mtu pishi moja, wengi wanaikadiria kilo mbili na nusu, nyumba ya watu tisa mchele kilo ngapi? 22.5. Kila Ramadhani swali hili limo ndani ya nyumba zetu.

Kuna jambo la lugha nalo siwezi kuliruka. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilitaka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na darasa la tano ndipo zinapokuja sehemu zenye asili tofauti, kwa hiyo mtoto alikuwa anabadilishiwa lugha na ugumu wa somo kwa mpigo mmoja. Sikipingi Kiingereza, watoto wetu wanakihitaji. Lakini nimeona watoto wamekaa kimya darasa zima, ukiwaambia haya zungumzeni Kiswahili na mwenzako mpatane jibu, darasa linafufuka. Wacheni wabishane kwanza kwa lugha yao, wakishaelewa maneno ya Kiingereza ni ya siku mbili tatu.

Na bakora. Mtoto aliepigwa kwa kukosa 1/2 + 1/4 hajajifunza sehemu, kajifunza kunyamaza, na akinyamaza mwalimu hujui amekwama wapi. Kosa la 2/6 ni dhahabu kwa mwalimu, linakwambia hasa anafikiri nini, muulize "umefanyaje mwanangu?" umsikilize mpaka mwisho.

Tebo zikaririwe, hilo silitoi, watoto wetu wana vifua vya kuhifadhi na ni neema, asiejua sita mara nane atachelewa kila pahala. Ila kukariri sehemu kabla ya kuzishika mkononi ndo kunakotumaliza.

Ninachoomba ni hiki. Taasisi ya Elimu wakiandika tena vitabu vya hesabu vya darasa la nne mpaka la sita waingize pishi, mirathi na fitri kama maswali ya kweli yenye hatua, wawaite na maustadhi wa chuoni wasaidie. Vituo vya walimu, hizi TC zetu, wafanye mafunzo ya makopo na mchanga, mimi na wastaafu wenzangu tupo na tutakuja, nauli yetu tutajilipia. Na walimu wakuu wasiwakataze walimu kutoka na darasa nje kwenda kuhesabu minazi ya jirani eti kwa sababu mkaguzi akija atakuta darasa tupu.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba