Mwambie Asiandike Barua Hiyo

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniambia mawili: kwamba daktari amesema mumeo hatarudi kazini karibuni, na kwamba yeye mwenyewe anataka kuandika barua ya kuacha kazi ili asiwe mzigo kwa mwajiri. La kwanza nimelilia. La pili ndilo limenitoa kitandani usiku huu. Mwambie asiandike.

Baba yako aliandika. Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu kwamba alikuwa akishinda nyumbani. Aliona haya kupokea mshahara huku amelala. Waliipokea barua siku hiyohiyo, wakamshukuru, na kwa saini moja akawa mtu aliyeacha kazi kwa hiari, si mgonjwa aliyeshindwa kazi. Siku za ugonjwa zenye malipo alizokuwa bado nazo zikapotea. Bima ya kikundi ya kazini ikakatika, na baadaye ndipo tukaambiwa ilikuwa na kipengele cha ulemavu. Sikumlaumu. Mpaka leo sijui nilijizuiaje.

Kwa hiyo anza na mkataba wake wa kazi, na uusome wewe, maana mgonjwa huona kile anachokiogopa tu. Angalia ana siku ngapi za ugonjwa kwa mshahara kamili, ngapi kwa nusu, na kama kuna bima. Uliza kama anaweza kupewa kazi nyepesi au saa pungufu. Kila cheti cha daktari kifike kabla cha awali hakijaisha muda, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri.

Kisha nenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii anaochangia. Usingoje mshahara ukome. Huko kuna mafao ya ugonjwa, ambayo ni ya muda, na pensheni ya ulemavu. Neno ulemavu litamchoma, najua. Mweleze kwamba kwenye fomu lina maana ya mtu asiyeweza tena kujipatia kipato, basi. Wala usipige hesabu ya mshahara mzima. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, ambao nchi huridhia kwa sehemu, unataka kwa familia ya mke, mume na watoto wawili mafao ya ugonjwa yasipungue asilimia 45 ya kipato, na ya ulemavu asilimia 40. Tena unaruhusu yale ya ugonjwa yakome baada ya wiki 26. (Baba yako angecheka kuona nimejaza tarakimu kwenye barua ya mwanangu.) Sheria ya kwenu inaweza kuwa bora au pungufu, ila bajeti yenu ipangeni kwa nusu ya mshahara au chini yake.

Omba taarifa ya michango yake na uihesabu mwezi kwa mwezi. Pensheni ya ulemavu huangalia miaka iliyochangiwa, na mwezi ambao mwajiri alikata pesa bila kuziwasilisha utauona hapo. Na muulize daktari waziwazi: je, kazi yenyewe ndiyo iliyomuumiza? Kama ni hivyo, aiandike kwenye ripoti. Fidia ya ugonjwa unaotokana na kazi ni fungu lingine, na kwa kawaida haliulizi umechangia miaka mingapi.

Mkopo wa benki, usikae kimya. Waandikie kabla rejesho moja halijakosekana, uombe kupunguziwa kwa muda, na udai kuona masharti ya bima ya mkopo. Mara nyingi inalipia kifo na ulemavu wa kudumu, lakini watu hukumbuka kifo peke yake.

Akiba yake ya uzeeni msiiguse kwanza. Na wewe, usiache kazi ili umuuguze. Nilitaka kufanya hivyo, bibi yako akanikatalia kwa ukali, na mshahara wangu ndio uliokulipia ada. Uliza ofisini kwako kama kuna likizo ya kumhudumia mgonjwa.

Nakuja Jumamosi, nitakaa naye wewe ukizunguka maofisini. Tafuta ule mkataba na stakabadhi za mshahara za mwaka mzima, uziweke pamoja. Na barua yake, kama ameshaiandika, nitunzie mimi.

Mama yako