Kabla ya kukutana leo: someni safumlalo ya chini

Asalaam aleikum jamaa. Jana wengi mliifikisha matriksi ya milinganyo (jedwali la namba za x, y na z, na upande wa kulia wa mlinganyo baada ya alama |) kwenye umbo la ngazi (sifuri za mwanzo huongezeka kila ukishuka safumlalo), kisha mkakwama kusoma jibu. Anzeni chini.

Ukikuta 0 0 0 | 5, yaani 0x + 0y + 0z = 5, weka kalamu chini: hakuna jibu, sifuri haiwi tano.

Ukikuta 0 0 0 | 0, usiseme "hakuna jibu" (hata mimi liliniponza zamani). Mstari huo haukatazi kitu. Tuseme juu yake mna 1 2 −1 | 4 na 0 1 3 | 5. Safuwima ya z haina kiongozi (namba ya kwanza isiyo sifuri katika safumlalo), basi z ni huru, yaweza kuwa namba yoyote. Weka z = t, upate y = 5 − 3t, x = −6 + 7t. Majibu hayana mwisho.

Tukutane Mkunguni baada ya Isha. Madaftari, tafadhalini, si simu tupu.