Wachezaji wa viti mwendo tuwekewe barafu, si maji ya kunywa tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandaa michezo ya watu wenye ulemavu hapa Tanga. Kaskazi inavuma, joto limepamba moto, na bado ratiba zinatuweka uwanja wa saruji saa nane mchana. Kivulini wamekaa wageni waalikwa.

Mimi nilianguka mnazi nikaumia uti wa mgongo, usawa wa kifua. Tangu hapo jasho linanitoka kichwani, shingoni na mabegani tu. Nikisukuma kiti, paji la uso linachuruzika, ila ukinigusa mapaja ni makavu kama unga. Anayeniona nimelowa kichwa hudhani napoa. Sipoi. Amri ya kutoa jasho, na ya kutanua mishipa ya damu kwenye ngozi, hupita kwenye uti wa mgongo. Ukiumia, huku chini haifiki. Aliyeumia shingo ndiyo zaidi: anaweza asitoe jasho kabisa, joto likampanda kwa zoezi la kawaida tu.

Tunaambiwa tunywe maji. Tutakunywa, lakini maji bila jasho hayamalizi kazi. Na wengi hujibana wasinywe kwa sababu ya mipira ya mkojo na vyoo ambavyo kiti hakiingii (hilo lina barua yake).

Dawa si ghali. Chupa ya kupulizia maji, kama ile ya saluni, usoni, mikononi na miguuni, kisha feni. Ila mwambao wetu hewa ina unyevu, maji hayakauki upesi, kwa hiyo barafu lazima. Wenzetu wa nje huvaa fulana za barafu. Sisi barafu ya samaki ipo pale soko la samaki la Deep Sea. Taulo ichovywe maji ya barafu, iwekwe shingoni tangu kabla ya mchezo, na mapumziko mikono iingie kwenye ndoo ya maji baridi. Barafu yenyewe isigusane na ngozi iliyokufa ganzi, itaiunguza na mwenyewe hana habari.

Msimu uliopita kocha mmoja alimwambia mwenzetu anadeka, naye alikuwa ameshaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Mtu akifika hapo atolewe juani, amwagiwe maji na apepewe hapohapo, huku gari la hospitali likiitwa. Na mechi zianze saa kumi na moja jioni.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga