Hao "wenzake wawili" wana majina

Bwana Mhariri, salaam.

Mie ni msomaji wa gazeti lako wa miaka mingi, naanza ukurasa wa nyuma wa mpira kisha narudi mbele taratibu, na si mtu wa kuandika barua, lakini hii imenikaa rohoni tangu Januari na nimeona bora niitoe. Mlichapisha makala kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, makala nzuri, ndefu, na picha yake juu kavaa miwani. Kilichonikera ni sentensi moja tu. Mliandika kwamba usiku wa tarehe 17 Januari 1961 Lumumba "na wenzake wawili" walipigwa risasi Katanga, lile jimbo la Kongo lililokua limejitenga. Basi. Wenzake wawili, nukta, mkaendelea na mengine.

Msichana wangu yuko sekondari, alikua anaisoma ile makala mezani huku anakula mahamri, akaniuliza, baba, na hao wawili walikua kina nani? Nikanyamaza. Mie nina miaka hamsini na kitu, jina la Lumumba nalijua tangu nna kaptura, mtaani kwetu Majengo kulikua na beki wa timu tukimwita Lumumba manake alikua hasukumiki, na hao wawili sikuwajua. Akaenda kuleta kitabu chake cha historia cha shule akidhani atawapata humo, kufungua, maneno ni yale yale, Lumumba na wenzake wawili. Niliona haya mbele ya mtoto, sitaficha.

Kwa hio nimewatafuta, na nawaandika hapa ili angalau mara moja wachapishwe kwenye gazeti la Kiswahili hapa pwani. Mmoja ni Joseph Okito, alikua makamu wa rais wa Seneti ya Kongo. Wa pili ni Maurice Mpolo, alikua waziri wa vijana na michezo katika serikali ya Lumumba. Okito alikua na miaka 50, mkubwa wa wote watatu, Lumumba mwenyewe alikua na 35 tu. Siku ile walitolewa jela ya Thysville, wakatiwa kwenye ndege wamefungwa pamoja, wakapigwa njia nzima mpaka Elisabethville, ambayo leo ndio Lubumbashi. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo pale uwanjani, wakaona watu wanateremshwa wamevimba nyuso, na hawakufanya kitu. Usiku wakapelekwa porini kwa gari. Tshombe, kiongozi wa Katanga, na mawaziri wake walikuwepo, maafisa wa Kibelgiji walikuwepo, na kikosi cha kufyatua kiliongozwa na Mbelgiji. Wa kwanza kusimamishwa mbele ya mti ni Okito. Inasimuliwa kwamba aliomba kitu kimoja, mke na watoto wake walioko Leopoldville, ambayo leo ndio Kinshasa, waangaliwe. Kisha Mpolo. Lumumba akawa wa mwisho, yaani aliwaona wenzake wote wawili wakianguka kabla yake.

Sasa niambie Bwana Mhariri, mtu aliyesimama wa kwanza mbele ya bunduki, akawaza watoto wake, anafaaje kuitwa "mwenzake" tu?

Nna kazi kwa ajenti wa forodha, natoa mizigo bandarini, na wateja wetu wengi ni Wakongo wa upande wa mashariki, Bukavu, Butembo, Bunia, kontena zao zinashuka hapa Kilindini kisha zinakwenda kwa lori siku na siku. Kuna mmoja wa Bukavu, mtu mzima, anauza vitenge, mzigo wake ulichelewa akakaa Mombasa wiki mbili. Jioni nikimchukua baraza moja Kibokoni kunywa kahawa tungu. Alikua hapendi kashata, asema tamu mno, anakunywa kahawa kavu, vikombe vitatu vinne, na mzee wa kahawa akawa ashamjua, akimuona tu anainua dele. Nikamuuliza kuhusu Okito na Mpolo. Alicheka kidogo, si cheko la furaha, akasema wewe ndio mtu wa kwanza Mombasa kuniuliza hao. Halafu akanambia kuhusu mwaka 2022, lile jino la Lumumba liliporudishwa.

Pengine kuna wasomaji hawaijui hii habari. Baada ya kuuawa, wale watatu walizikwa, kisha wakafukuliwa, ofisa wa polisi wa Kibelgiji anaitwa Gerard Soete na ndugu yake wakaikata miili vipande na kuiyeyusha kwa asidi ili pasibaki kaburi la kuzuru. Soete akajiwekea meno, akayachukua kwao kama mtu anavyochukua kombe la baharini. Serikali ya Katanga ikangoja mpaka tarehe 13 Februari ndio ikatangaza, tena ikasema uongo kwamba walitoroka wakauawa na wanakijiji. Jino moja lenye dhahabu lilikaa Ubelgiji mpaka polisi walipolichukua kwa binti yake Soete mwaka 2016, na Juni 2022 ndio likakabidhiwa familia Brussels, ndani ya kijisanduku, kisanduku kikatiwa ndani ya jeneza la mtu mzima, likazungushwa Kongo, kwao Onalua, Kisangani, Lubumbashi, mwisho Kinshasa tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wao.

Huyu bwana wa vitenge akanambia kwa Kiswahili chao, "Siye hatukuzikaka muntu, tulizikaka jino." Akazungusha kikombe mkononi. Kisha akasema, na wale wawili hata jino hakuna.

Mie usiku ule sikulala vizuri. Manake sisi huku pwani tunajua maiti ni nini, mtu akifa Tudor asubuhi mpaka alasiri ashaoshwa, ashasaliwa, ashalazwa, na majirani washapeana zamu ya kubeba jeneza. Mtu akizama Likoni tunakaa ufuoni siku tatu nne na wavuvi wanatafuta kwa bure, hakuna anayewadai wala wao hawadai, manake nyumba isiyokua na kaburi haipumui. Mke wa Lumumba, Pauline Opango, Februari ile ile ya 1961 alitembea barabarani Leopoldville kifua wazi na kina mama wenzake wakililia, akidai mwili wa mumewe apate kuuzika. Amekufa Desemba 2014, hata hilo jino hakuliona. Na kina mama wa nyumba ya Okito na ya Mpolo je?

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wakongo kwa Wakongo, walipinduana wenyewe. Jamani, tusome. Uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Lumumba ndicho kilipata viti vingi kuliko chama chengine chochote, ndipo akawa waziri mkuu, uhuru tarehe 30 Juni, na haikutimia hata wiki mbili Katanga yenye shaba ikajitenga tarehe 11 Julai, na wanajeshi wa Kibelgiji na kampuni ya madini wako nyuma yake. Katanga ndiko kuliko Shinkolobwe, urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko, sasa elewa kwa nini wakubwa hawakutaka mtu asiyeshikika akae juu yake. Septemba mtaalamu wa CIA, majasusi wa Marekani, Sidney Gottlieb, alifika Leopoldville na sumu, ilikua itiwe kwenye chakula au dawa ya meno ya Lumumba, haikutumika, lakini ilifika, na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe ililitoa jambo hilo mwaka 1975. Oktoba waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, d'Aspremont Lynden, akaandika kwenye telegramu kwamba lengo kuu ni kumuondoa Lumumba moja kwa moja. Bunge la Ubelgiji lilichunguza, mwaka 2001 likasema Ubelgiji ina dhamana ya kimaadili, mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Kwa hio si porojo za barazani. Na Mobutu, mkuu wa jeshi aliyepindua Septemba ile, akaja akashika nchi yote 1965, akakaa miaka 32, hao wateja wangu wa Bukavu wengi wamezaliwa chini yake wakakulia chini yake, na wanachonunua na wanavyonunua, barabara zao, bei zao, woga wao wa karatasi za serikali, vyote nikiviona pale ofisini naona ule mwaka 1960.

Tena si Kongo peke yake. Hapa mjini kwetu tuna Nkrumah Road, inapita mbele ya kanisa la Holy Ghost, kila siku tuktuk zinapita hapo zinapiga honi, sijui wangapi wanajua jina lile lilikomea wapi. Nkrumah, rais wa Ghana, alipinduliwa tarehe 24 Februari 1966 akiwa safarini kwenda Hanoi kutafuta amani ya Vietnam, na makaratasi ya Marekani yaliyofunguliwa baadaye yaonyesha mwaka mzima kabla yake wakubwa wao walikua wanazungumza kuhusu mapinduzi ya Ghana. Lakini ukiuliza nani alikufa asubuhi ile hakuna anayejua. Meja Jenerali Charles Barwah alifuatwa nyumbani kwake alfajiri, akakataa kujiunga na waasi, akapigwa risasi pale pale. Na walinzi waliokua Flagstaff House, ofisi ya rais, wakipigana, hao hata mie majina yao sina, na inaniuma.

Iran 1953 walimtoa waziri mkuu Mossadegh kwa sababu ya mafuta, CIA na Waingereza, na CIA imekubali wazi mwaka 2013, watu kama mia tatu walikufa barabarani Tehran na wanaotajwa ni yeye na mfalme, Shah, tu. Guatemala 1954 walimtoa rais Árbenz kwa sababu aligawa mashamba yaliyolala ya kampuni ya ndizi, kikafuata kipindi cha vita mpaka 1996, watu laki mbili wamekufa au wamepotea, wengi wao Wamaya, wakulima wa mahindi wasiokua na habari na Washington. Chile 1973, jeshi lilipompindua rais Allende, ndio inayonishika zaidi baada ya Kongo, manake kuna kina mama wa mji wa Calama, waume zao na wana wao 26 waliuawa Oktoba mwaka ule, wakaingia jangwani na makoleo wakichimba wikendi baada ya wikendi, miaka na miaka, mpaka 1990 wakapata vipande. Vipande vya mifupa tu, jeshi lilikua lishawafukua na kuwahamisha. Nikisoma hio namkumbuka yule bwana na kikombe chake.

(Zanzibar 1964 na mashua zilizofika hapa Old Port zimejaa watu nimeiacha kwa makusudi, wazee wa Mji wa Kale bado wako hai wengine, wao ndio wa kuisema, na si barua ya ukurasa mmoja.)

Kuna rafiki yangu kwenye grupu letu la WhatsApp alinambia nna kazi gani na maiti wa miaka sitini iliopita wakati unga haushikiki. Nikamjibu hivi, wale waliofanya walitia asidi makusudi ili pasiwe na pa kuwakumbukia, sasa sisi tukiandika "wenzake wawili" tunawamalizia kazi yao bila kulipwa. Hakujibu. Pengine alikua kazini.

Ombi langu ni dogo Bwana Mhariri. Kuna picha ya Desemba 1960, Lumumba ashakamatwa amefungwa mikono, askari wamemzunguka, na pembeni yake kuna mtu mwengine. Ni Okito. Nimeiona ile picha imekatwa mara nyingi abaki Lumumba peke yake. Tarehe 17 Januari ijayo itoeni nzima, na chini yake muandike majina matatu, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo, Joseph Okito, kwa herufi zilizo sawa. Na waandishi wa vitabu vya shule wanaosoma gazeti lako, nao ni kubadilisha maneno mawili tu, haigharimu karatasi ya ziada.

Msichana wangu hakungoja. Amefuta yale maneno mawili kwenye kitabu chake kwa kalamu nyekundu na juu yake akaandika Okito na Mpolo, nikamwambia kitabu cha shule hakiandikwi, akanambia, baba, wewe mwenyewe umesema. Nimemwambia kama mwalimu atateta aje aniite mie.

Ni mimi msomaji wako,
Majengo, Mombasa.