Barua kwa Mama Rehema: hili "miss" la Waingereza

Leicester, Jumapili usiku

Mama Rehema, shoga yangu wa tangu Barabara ya 12 kule Tanga,

Assalaam aleykum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, Yusufu mzima, ni baridi tu inatuonea. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa niliusikiliza ndani ya basi, nikacheka peke yangu mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka kunitazama.

Eti Rehema kaandika kwenye insha "The bus left my father", mwalimu kapitisha kalamu nyekundu na kuandika juu yake "missed". Na mtoto anauliza, baba anawezaje kulimisi basi, kwani alikuwa na hamu nalo? Mwambie swali lake lina akili kuliko hiyo kalamu nyekundu. Mimi neno hilo limenitoa jasho karibu mwaka mzima, nami nilikuja nalo kutoka Tanga nikijiona nalijua.

Hebu fikiri, sisi "miss" tulilijulia wapi? Kwenye simu. Unabipu, mwenzio anakuta "missed call", anajua ulimtafuta hukumpata. Basi nami nikaliweka kichwani hivyo hivyo: miss ni kupiga usipokelewe. Hii "nimekumisi" ya akina Rehema nilikuwa naisikia, nikadhani ni maneno ya simu tu, yaani nimekupigia nikakukosa. Na kulikuwa na Miss Tanga na taji lake, ila huyo hana udugu wowote na neno hili, ni ufupisho wa "mistress", wamefanana tu kama watu wanavyofanana sokoni.

Sasa sikia. Wiki yangu ya tatu kwenye hii nyumba ya kutunzia wazee, saa kumi jioni, wakati wa chai. Nimewapanga kwenye viti vyao, kila mmoja na kikombe chake. Bibi mmoja wa Kiingereza, yule ninayemwogesha asubuhi, ananishika mkono na kuniuliza kwa upole, "Do you miss your mother?" Mimi na kifua mbele, nataka aone kwetu tunajali wazazi, nikamjibu, "No! Never. She always answers."

Chumba kikanyamaza. Bibi akauachia mkono wangu, akageukia kikombe chake. Wa pembeni alinitazama kama vile nimetema mate kwenye zulia. Mimi nimesimama na birika, sijui nimekosea wapi, nikaongeza kabisa, "Every Friday!"

Aliyeniokoa ni Bibi wa Jinja. Sijakuhadithia huyu. Ni Mhindi, amezaliwa Jinja, Uganda, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, wakaja Uingereza, na wengi wao wakatua hapa hapa Leicester. Ukipita Belgrave Road leo utadhani uko Mtaa wa Wahindi, unapata mpaka mihogo na maembe mabichi. Kiswahili chake ni kile cha dukani, hakina ngeli wala hakijafanyiwa ukarabati kwa miaka hamsini. Siku ile aliinama kwenye kiti chake akaniambia, "Wewe, sikia. Yeye nauliza kama wewe nakumbuka mama."

Shoga yangu, niliona sakafu inazunguka. Mama yangu! Ambaye usiku nikilala nanusa kanga yake niliyokuja nayo, ambayo mpaka leo sijaifua! Nikaliweka birika chini, nikamwambia yule bibi, "Yes. Yes, I miss. Very much." Na machozi yakanitoka pale pale mbele ya sahani ya biskuti. Akaurudisha mkono wake.

Tangu hapo nikawa nalifuatilia neno hili kama mtu anayedaiwa. Jumanne nakwenda darasa la Kiingereza la wageni, pale maktaba, bure. Nikamuuliza mwalimu, imekuwaje neno moja libebe basi, simu na mama? Akasema maana ya zamani kabisa ni ile ya mshale kupita pembeni ya shabaha. Kukosa. Hamu ilikuja baadaye sana, juu ya mgongo wa ile ya kwanza. Unanyoosha mkono mahali mtu alipozoea kuwa, unakuta hayupo, mkono unapita hewani. Hapo nikaelewa. Niliposikia vile nilikumbuka siku za mwanzo, nilivyokuwa nachota kikombe cha tatu cha mchele wakati tuko wawili tu.

Darasani tuna dada mmoja wa Bukavu, Kongo, yeye anajua Kifaransa. Akasema kwao Mfaransa analigeuza: mwenye hamu hasemi mimi nakukosa, anasema wewe umenipungukia. Kila mtu na mlango wake wa kuingilia. Sisi je? Nilikaa nikawaza, nikaona sisi tumegawa. Hamu tunaiweka mbali: nina hamu nawe, nimekukumbuka. Neno kukosa tumeliachia mambo mengine, na tumelitwisha mzigo ambao Mwingereza hana. Maana ukisema umemkosa fulani, ni kwamba umekwenda kwake hukumkuta. Weka herufi moja tu, umemkosea, tayari unatakiwa uende ukaombe radhi. Kosa, mkosaji, vyote humo humo. Ndiyo maana sipendi kuwasikia wanaotafsiri "I miss you" kuwa "nakukosa". Masikio yangu yanangoja kesi.

Kwenye basi sasa, ndipo ninapomtetea Rehema. Sisi basi linatuacha. Mtu umefika stendi saa moja na nusu, basi limeondoka saa moja, bado unasema, "Basi limeniacha," kana kwamba dereva alikuona akakonyeza akakanyaga mafuta. Mwingereza hana msamaha huo. Kwake mwenye kitendo ni wewe: "I missed the bus." Basi limeondoka kwa saa yake, wewe ndiye mshale uliopita pembeni. Mimi mwenyewe nilichelewa kazini siku moja, nikamwambia msimamizi, "The bus left me." Akaniuliza, "Left you where?" Nikashindwa kumjibu, maana kweli, liliniacha wapi? Liliniacha pale pale nilipokuwa. Kwa hiyo mwambie mtoto sarufi yake haikuwa na kasoro, sentensi imesimama vizuri, ila aliandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Huku haisemwi hivyo, basi.

Kuna jingine ambalo Rehema na wenzake wote wanalikosea, hata watu wazima waliosoma. Nami nililikosea kwa maandishi. Yule bibi wa chai alilazwa hospitali wiki mbili, tukamnunulia kadi, kila mmoja aandike neno. Mimi nikaandika kwa mwandiko mzuri, "I missed you." Mwenzangu wa zamu akasoma akaniuliza, "Kwani umeacha? Si bado yuko hospitali?" Nikabaki mdomo wazi. Kosa linatokea wapi, ni kwenye "me" yetu. Sisi tunasema nimechoka, na uchovu upo sasa hivi. Nimevaa, na nguo iko mwilini. Amelala, na anakoroma mpaka barazani unamsikia. Kwa hiyo "nimekumisi" ni hali ya sasa, lakini shuleni tulifundishwa kwamba "me" ni kitu kilichokwisha, tukaitafsiri moja kwa moja. Mtu akiwa bado yuko mbali unasema "I miss you". Siku ukimpokea uwanja wa ndege, umemkumbatia, hapo ndipo inaingia "I missed you", au hiyo "I've missed you" ambayo vijana wanaituma kwenye simu kila siku kwa mtu ambaye hata tiketi hajakata. Nilifuta nikaandika upya. Kadi ikabaki na doa, lakini aliiweka juu ya kabati lake mpaka leo.

Nisikufiche, sehemu iliyonipa tabu kuliko zote haikuwa ya hamu wala basi. Ilikuwa karatasi. Hapa kazini tuna mzee mmoja hupaliwa, kwa hiyo kila kinywaji chake hutiwa unga maalumu mpaka kiwe kizito kama uji, la sivyo kitaingia kwenye mapafu. Asubuhi moja nimebeba sinia, vikombe vinne, nimeshamwekea kikombe mkononi, ndipo nikaona chai inacheza. Nyepesi! Ilikuwa ya jirani yake. Nikampokonya kabla haijafika mdomoni, mikono inanitetemeka. Sheria ya kazi ni kuripoti hata kama hakuna kilichotokea. Nikapewa fomu, ina visanduku viwili: kimoja cha tukio, cha pili kimeandikwa "near miss".

Nikakaa nacho. "Near" ni karibu, "miss" ni kukosa. Karibu nikose? Mtu aliyekaribia kukosa si ndiye aliyepata? Kama mshale umekaribia kukosa shabaha, umeipiga! Nikaona wananitaka nikiri kwamba mzee alikunywa. Basi nikakikwepa, nikaweka alama kwenye tukio, nikarudisha fomu, nikaenda chooni kulia nikijua kesho nafukuzwa. Msimamizi aliponiita alikuwa anacheka, akanieleza kwamba hata Waingereza wenyewe hubishana juu ya hayo maneno. Maana yake ni kukosa kwa karibu, kitu kimekupitia pua na mdomo. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo Kiswahili kikanijia, shoga, tena kimekamilika kuliko chao: kukoswakoswa! Si tunasema fulani kakoswakoswa na lori pale barabara ya Pangani? Neno hilo tunalo tangu utotoni, na mimi nilikuwa nalia chooni.

Mengine nakupitishia haraka. Ukimuuliza mtu njia akakwambia "You can't miss it", anamaanisha huwezi kupotea, jengo lenyewe litakuona. Usiamini, mimi nimepotea mara tatu kwa maneno hayo. Mtoto wa yule bibi aliposema kuhusu sherehe ya mama yake, "I wouldn't miss it for the world," mimi nikashika hilo "wouldn't" na "miss", nikawaambia jikoni wapunguze sahani, hatakuja. Akaja na maua na wajukuu wanne. Kumbe ni ile yetu ya "harusi hiyo sikosi". Kitu kikiwa "missing" hakipo mahali pake, kama meno ya bandia ya Bibi wa Jinja, ambayo ni missing kila Alhamisi, na kila Alhamisi yako mfukoni mwake. Na kwenye bustani za huku kuna mabenchi yenye kibao cha shaba cha marehemu, yameandikwa "sadly missed", yaani anakumbukwa kwa huzuni. Mwanzoni nilidhani ni mtu aliyekoswa na risasi na ndugu wakasikitika.

Mwambie Rehema na hili, maana litatoka kwenye mtihani: nyuma ya "miss" kitenzi huja na "ing". "I miss eating", si "I miss to eat". Mpe mfano wangu: I miss eating mikate ya kumimina kwa Bi Mkubwa wa kona, saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa bado inanukia nazi na karatasi ya gazeti imelowa mafuta. Akiandika hiyo, mwalimu akatie kalamu yoyote aitakayo.

Bibi wa Jinja nilimuuliza juzi, yeye anamisi nini. Nikadhani atasema nyumba, au duka la baba yake. Akafikiri sana, akasema, "Mvua. Ile ya kule. Hapa mvua hapana jua kunyesha, iko nalia tu."

Nisalimie wote, mama usimwambie habari ya kulia. Pesa ya ada nimeshatuma, angalia simu. Nalala sasa, basi langu ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, na huku likiniacha ni mimi niliyelikosa.

Wako,
Mama Yusufu