Barua pepe zinazorudi: msizime seva ya zamani bado

Wadau habari za jioni, poleni na majukumu. Wale wa Nyegezi na Kirumba naona mmenipigia sana leo, kila mtu anasema barua pepe anazowatumia wenzake wa ofisini zinarudi kwa sababu mtandao mbovu, sasa jamani mtandao hauna kosa hapa.

Iko hivi, ukiandika jina la mwenzako kwenye Outlook linajitokeza lenyewe, lakini nyuma ya lile jina haijahifadhiwa barua pepe ya kawaida, imehifadhiwa anwani ya ndani ya Exchange (mfumo wetu wa barua pepe) ya zamani, na sisi tumeshahamisha maboksi ya barua kwenye seva mpya ambayo haimjui huyo mtu kwa anwani hiyo, ndo maana barua inarudi na kosa 5.1.1 na limstari lirefu linaloanza na IMCEAEX. Kutoka nje, Gmail na kwingine, zinaingia fresh tu.

Kwa leo futa lile jina kwa kubonyeza alama ya X pembeni yake, halafu andika anwani nzima kwa mkono. Kujibu barua za zamani bado kutagoma, hilo ni la kwangu, naongeza anwani za X500, yaani zile za ndani za zamani, kwa kila boksi jipya usiku huu ili seva mpya izitambue, kwa hiyo nitumieni ule mstari wa IMCEAEX wote kama ulivyo, sio picha iliyokatwa nusu!

Halafu ile skana ya Igoma bado inatuma barua kupitia IP (anwani ya mtandao) ya seva ya zamani. Mtu asichomoe waya wa seva hiyo mpaka niseme.